Kauri Mlimani: Zawadi za Mikono katika Tarime na Serengeti

Neno zawadi katika lugha yetu lina asili ya safari. Waarabu walilitumia shina lake kwa masurufu ya msafiri, yaani kile anachofungiwa mtu anayeondoka ili njaa isimkute njiani. Sisi watu wa pwani tulilipokea neno hilo tukaligeuza kichwa chini: zawadi yetu aghalabu ni kitu ajacho nacho msafiri, na mtoto wa Kiswahili humpokea mjomba wake kwa kumtazama mikononi kabla ya kumtazama usoni. Makala haya yatazifuata maana zote mbili, kwa sababu vitu nitakavyovizungumzia vilisafiri kwanza, kisha vikawa masurufu ya wengine. Vilitoka katika bahari hii yetu vikapanda bara, vikavuka nchi ya Wamasai na nchi ya Wasukuma, vikaingia katika mikono ya wanawake wa Kikurya, Kingoreme na Kiikoma, wakavishona katika ngozi na vibuyu na mikanda, na vikatolewa tena kuwapa maharusi na vijana waliotoka jandoni.

Nchi yenyewe iko mbali nasi. Tarime ni wilaya ya nyanda za juu, kaskazini mwa mkoa wa Mara, imeegemea mpaka wa Kenya. Ni nchi ya baridi, ya wimbi na migomba na mahindi, na zaidi ya yote ni nchi ya ng'ombe. Mpaka huo ulipigwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, mstari ulionyooka kutoka ziwani kuelekea mlima Kilimanjaro, na Wakurya wakajikuta wako pande zake zote mbili bila ya kuhama hata hatua moja. Upande wa magharibi wa Tarime, ulio karibu na ziwa na wenye Wajaluo wengi, ulitengwa mwaka 2007 ukawa wilaya ya Rorya. Kusini, ng'ambo ya Mto Mara, ndiko Serengeti yenye makao yake Mugumu. Huko Wakurya wamechanganyika na Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, pamoja na wafugaji wa Kitatoga ambao majirani zao huwaita Wataturu. Hakuna bandari katika nchi hiyo, hakuna mnazi, wala hakuna anayejua bamvua ni nini. Pamoja na hayo, kauri zilifika.

Kauri, au simbi kama wasemavyo wengine, ni konokono wa baharini. Aina mbili ndogo ndizo zilizosafiri mbali kuliko zote, na moja kati ya hizo, ile yenye duara la rangi ya dhahabu mgongoni, imejaa katika miamba na majani ya pwani zetu. Wanawake na watoto waliiokota maji yalipokupwa, wakaifukia mchangani mpaka nyama yake ikaoza, wakaiosha na kuianika. Kazi hiyo haikuwa na heshima wala malipo makubwa, na washairi wetu waliosifu bahari kwa marefu na mapana hawakuipa hata ubeti. Katikati ya karne ya 19, makampuni ya Hamburg, Hertz kwanza na baadaye O'Swald, yaliijaza kauri ya Unguja katika majahazi na meli yakaipeleka Afrika ya Magharibi ambako ilikuwa fedha ya sokoni. Lakini ile iliyopanda bara upande wetu ilipanda kwa miguu ya wapagazi.

Njia zake tunazijua kwa kiasi, na tunazijua kwa sababu mtu wa pwani alizisimulia. Mwaka 1870 ilichapwa huko London orodha ya njia za misafara kutoka pwani hadi bara, iliyokusanywa na mmisionari Thomas Wakefield wa Ribe, na msimulizi wake mkuu alikuwa Sadi bin Ahedi, mwenyeji wa upande wa Gazi, kusini ya Mombasa. Sadi alizitaja kambi moja baada ya nyingine, na maji yalipo na yasipo, mpaka ziwa la Nyanza. Mwaka 1882 J. P. Farler naye alichapisha njia za kutoka Pangani kwenda Umasai na ziwani. Hao ndio waliobeba kauri, shanga, waya wa shaba na nguo. Wengine walizunguka kwa kusini, wakapitia Tabora na Usukuma. Isidhaniwe hata hivyo kwamba kila kauri iliyomfikia bibi harusi wa Kikurya ilitoka mkononi mwa mfanyabiashara wa Pangani. Nyingi zilikwenda jirani kwa jirani, mbuzi kwa kauri, kauri kwa mtama, na zikachukua miaka kufika. Zilipofika, zilikuwa zimekwisha kusahau jina la bahari.

Shanga zina habari ndefu zaidi. Richard Burton, aliyepita bara katika miaka ya 1857 hadi 1859, alisema zipo aina zinazokaribia 400, kila moja na jina lake na bei yake, na akalalamika kwamba shanga ipendwayo katika nchi moja haitazamwi hata kwa jicho moja katika nchi ya pili. Ile nyekundu iliyoitwa samesame ilipendwa karibu kila mahali. Stanley, alipojifungasha Unguja mwaka 1871, aliuona mtihani huo huo: mwenye kuchukua rangi isiyo yake alikuwa kama aliyebeba mawe. Nyingi kati ya shanga hizo zilifinyangwa Venisi, mji wa vioo, zikapitia Unguja. Hapa naomba niache njia kidogo. Mtu mashuhuri kuliko wote waliozaliwa mkoa wa Mara, Julius Nyerere wa Butiama, aliutafsiri mchezo wa Shakespeare wa mfanyabiashara wa Venisi akauita Mabepari wa Venisi, ukatoka mwaka 1969. Wahakiki wamelijadili sana neno mabepari. Sijamwona bado aliyekumbuka kwamba mabepari hao ndio waliouza shanga zilizofika hadi nchi ya bibi zake.

Kauri na shanga ni malighafi tu. Kazi ya mkono ilianza zilipofika, na kazi iliyo kubwa kuliko zote ni kibuyu.

Kibuyu hakitengenezwi, hulelewa. Mbuyu-mung'unye hupandwa karibu na nyumba, na tunda likiwa changa huweza kufungwa au kuelekezwa ili shingo ikae atakavyo mwenyewe. Huachwa mpaka gamba likawa gumu, likakatwa, likakaushwa taratibu, maana jua kali hulipasua. Kisha hutobolewa mdomo, hutolewa mbegu na nyama iliyokauka, hutiwa maji na kuachwa siku nyingi, hutikiswa na kokoto, humwagwa, hutiwa tena, mpaka uchungu uishe. Kibuyu cha maziwa hakikomei hapo. Huchomwa kijiti cha mti maalumu, kikatiwa ndani kingali na kaa, na ndani ya kibuyu kukasuguliwa kwa mkaa ule. Moshi na mkaa huua uchachu mbaya, hulinda maziwa na kuyapa harufu. Kila nyumba ina harufu yake, na mwenye pua iliyozoea hutambua maziwa ya kwao hata akiwa ugenini. Mwisho ndipo huja mapambo: ukanda wa ngozi shingoni, kifuniko kilichosukwa, mstari wa shanga, na kauri ambazo mgongo wake umekatwa ili zikae bapa na uzi upite. Kikipasuka hakitupwi. Hutobolewa matundu madogo pande mbili za ufa, hushonwa kwa uzi wa mshipa wa mnyama au nyuzi za mmea, na mshono ule huwa pambo jipya. Kibuyu chenye mishono mitatu kina habari nyingi kuliko kilicho kizima.

Huwezi kukinunua kibuyu cha namna hiyo ukasema umemaliza. Kina miezi ndani yake, na miezi ile ni ya mtu fulani. Ndiyo maana msichana aliyekwenda kuolewa katika nyumba ya ng'ombe alivichukua vibuyu vilivyolelewa na mama yake na shangazi zake, na alipokamua kwa mara ya kwanza kwa mumewe, maziwa ya wageni yaliingia katika moshi wa kwao. Sisi wa visiwani tuna yetu yanayofanana nayo. Mkeka wa bibi harusi husukwa kwa ukindu uliotiwa rangi, ukili kwa ukili, kwa muda mrefu kuliko posa yenyewe. Kofia ya viua hushonwa tundu kwa tundu na mkono ambao mvaaji anaujua. Na Mwana Kupona wa Siyu, alipokuwa mgonjwa katika miaka ya 1850, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi ambao naweza kuuita bila ya woga zawadi ya mkono kwa mwana anayeanza maisha ya ndoa, ingawa zana yake ilikuwa kalamu.

Baada ya vibuyu huja ngozi na chuma. Kabla ya nguo za dukani kuenea, mke aliyeolewa alitambulika kwa vazi lake la ngozi iliyokunwa na kulainishwa kwa samli, na kwa vikuku vya miguuni. Kwa Wakisii, ndugu wa Wakurya kwa lugha na majirani zao kwa mpaka, vikuku hivyo viliitwa ebitinge. Vilivishwa katika sherehe kubwa ya ndoa iitwayo enyangi, nayo iliweza kufanywa miaka mingi baada ya mke kuhamia kwa mume, na mwanamke aliyekwisha kuvivishwa hakutazamiwa kuvivua mumewe angali hai. Mhunzi alifua pete ile akaifunga, na kufungwa kule ndiko kulikokuwa ndoa. Hapa zawadi inaonyesha sura yake ya pili ambayo tutaikuta tena: inapamba, na inafunga.

Mtu akisoma vitabu vilivyoandikwa juu ya Wakurya atashangaa kuona jinsi vitu hivi vilivyo vichache katika kurasa zake. Malcolm Ruel aliyekaa huko katika miaka ya 1950 aliandika kwa uangalifu juu ya koo, rika na matambiko. Michael Fleisher aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2000, juu ya wizi wa ng'ombe wa Tarime na namna unavyoshikana na mahari. Ng'ombe wamehesabiwa na watawala, wamehesabiwa na mahakimu, wamehesabiwa na wataalamu. Sababu iko wazi. Mahari ya Wakurya ni ng'ombe wengi, tena ni ng'ombe wale wale wanaotoka kwa dada wakienda kumwolea kaka yake, na kwa hiyo ni hesabu ya wanaume, yenye mashahidi na kesi. Kibuyu kilitoka kwa mama kwenda kwa binti jikoni, hakikuwa na shahidi wala hakikumpeleka mtu mahakamani. Nadhani ndiyo sababu kikakosa mwandishi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeeleza desturi za Waswahili katika kitabu alichokichapisha Velten mwaka 1903, hakuyaacha mambo madogo namna hiyo. Alijua kwamba mkaja wa mama na kilemba cha baba ni habari kubwa hata kama thamani yake ni ndogo. Mara haikumpata Mtoro wake.

Ipo hata ndoa moja huko ambayo mahari na zawadi zote hutoka mkononi mwa mwanamke. Inaitwa nyumba ntobhu. Mwanamke mwenye mali asiyekuwa na mtoto wa kiume, aghalabu mjane, humtolea ng'ombe msichana, akamwoa, na watoto atakaowazaa msichana yule na mwanamume huwa ni wa nyumba ya aliyetoa ng'ombe. Watu wa nje wameandika mengi juu yake, mengine ya ajabu. Kwa hoja yetu linatosha moja: anayetoa ndiye mwenye nyumba, awe mwanamume au mwanamke.

Tukivuka mto kwenda Serengeti, malighafi inabadilika. Waikoma, Wanata na Waisenye walikuwa wakulima na pia wawindaji hodari wa mshale wa sumu, na kila mwaka nyumbu walipita kwao kwa malaki. Mkia wa nyumbu una nywele ndefu ngumu nyeusi. Nywele hizo zilikusanywa zikawa kiini cha vikuku vyembamba vilivyozungushiwa waya wa shaba au chuma, aina ile ambayo Burton aliikuta Unyamwezi ikiitwa sambo na ambayo wasichana waliivaa miguuni kwa makumi mpaka ikalia walipotembea. Usukuma ilivipenda vikuku hivyo, lakini nyumbu hawakuwa kwake. Basi mikia ikasafiri kusini na magharibi, na mifugo na nafaka zikarudi.

Biashara hiyo ya mapambo iliokoa roho za watu. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wa Afrika ya Mashariki karibu wote. Oscar Baumann aliyetoka Tanga na kupita Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892 aliwakuta Wamasai wamebaki mifupa na ngozi, wakiomba hata mabaki ya nyama. Ndui ilifuata, na njaa ikafuata ndui. Watu wa Serengeti ya magharibi walitawanyika kutafuta chakula, na waliobaki na mishale waliwinda nyumbu, wakapeleka mikia Usukuma, wakarudi na mbuzi na mtama, na baada ya miaka wakarudi na ng'ombe wa kuanzia upya. Msichana wa Kisukuma aliyepewa kikuku siku ya ngoma hakujua kwamba mguuni mwake alivaa shibe ya mtu wa Ikoma. Mtafiti Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa huko na kuchapisha kitabu chake juu ya Serengeti mwaka 2007, ndiye aliyeirudisha habari hii ya mikia mahali pake.

Waikoma wana zawadi nyingine kubwa kuliko hiyo, nayo ni Machaba. Ni meno ya ndovu ambayo kwa mujibu wa masimulizi yao waliyapata kwa mganga na mtabiri wa Kitatoga, yakawa kitu kitakatifu cha kabila, yakatunzwa na kutolewa kwa utaratibu wake. Msomaji wa Unguja anayejua pembe za ndovu zilivyopita Forodhani kwa maelfu, kila moja ikipimwa kwa frasila, na atafakari juu ya meno hayo mawili ambayo hayakuuzwa. Yaliwaunganisha wakulima na wafugaji waliokuwa wakigombea maji na malisho.

Mikia imekwisha sasa. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959, na mwaka 1994 mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yakatangazwa upande wa magharibi, karibu kabisa na vijiji. Aliyekuwa mwindaji akawa jangili bila ya kubadilisha upinde wake. Sisemi nyumbu wasilindwe. Mwenye akili hawezi kusema hivyo. Nasema kwamba sheria ya wanyama iliondoa pia kazi ya mikono, na hakuna aliyeiandikia kazi ile tanzia. Leo karibu na lango la Fort Ikoma, kwenye kijiji cha Robanda na kwingineko, watalii huuziwa mapambo ya shanga, na mengi kati yake yameiga mtindo wa Kimasai kwa kuwa ndio mgeni anaoujua kutoka katika picha.

Nimekwisha kusema habari za ndoa. Sherehe za misimu ni jambo jingine, na hapa inabidi kwenda polepole.

Msimu wa mavuno ni wa furaha isiyo na tatizo. Wimbi likiisha kuvunwa hupikwa pombe, chungu kimoja huwekwa katikati, na wazee huizunguka wakinywa kwa mirija mirefu yenye kichujio kilichosukwa kwa ustadi mwishoni. Litungu hupigwa, zeze kubwa la nyuzi nane lenye sauti nzito inayotoka tumboni mwa ardhi, na wachezaji huvaa viatu vya mti vyenye soli nene kama matofali. Mrija mzuri wa pombe ni zawadi kwa mzee, na mzee humrithisha mwanawe.

Msimu wa pili ni esaro, jando. Kwa kawaida huangukia Desemba, shule zikiwa zimefungwa, nao hauji kila mwaka. Wazee wa inchama, baraza la siri la ukoo, ndio huamua kama mwaka ni mwema. Anayerudi kutoka kutahiriwa hurudi kwa maandamano, ndugu wakimwimbia barabarani, mwavuli juu ya kichwa chake, na mabegani mwake amefunikwa kanga alizotunukiwa. Kila shangazi huongeza yake. Fedha hubandikwa, mbuzi huahidiwa, na nyumbani kinasubiri chakula ambacho hajawahi kupikiwa peke yake maishani.

Kanga! Nani atawaambia Wakurya kwamba hiyo nayo imetoka kwetu? Ilizaliwa katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, kutoka katika leso zilizoshonwa pamoja. Ikapigwa chapa Uingereza, Uholanzi na India kwa ajili ya soko letu, ikatiwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu kisha za Kirumi. Duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, maarufu kwa jina la Abdulla, lilianza mwaka 1887. Baada ya uhuru Watanzania walichapa zao wenyewe: kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina, na Musoma kwenyewe kukawa na Mutex. Reli, meli za ziwani na mabasi viliimaliza safari iliyoanzwa na wapagazi wa Pangani. Ngozi iliyokunwa kwa wiki nyingi ikapisha doti iliyonunuliwa kwa dakika tano. Ndiyo kauri mpya. Imepanda mlima kwa njia ile ile.

Kwa wavulana, msimu huu ni jambo la damu na fahari, na sina la kuongeza. Lakini katika koo nyingi za Tarime na Serengeti wasichana nao walikuwa wakikatwa katika msimu huo huo, na wengine wangali wanakatwa. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 imelifanya jambo hilo kuwa jinai kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016, asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Katika ule wa mwaka 2022, asilimia 28. Nyuma ya hesabu hiyo kuna zawadi. Msichana wa miaka 12 haambiwi kwamba atakatwa ili aolewe, ingawa mahari ya ng'ombe huja haraka baadaye. Huonyeshwa kanga. Huambiwa ataimbiwa kama alivyoimbiwa dada yake, atatembea chini ya mwavuli, mtaa mzima utatoka kumtazama, na atapewa. Kwa mtoto ambaye hajapewa kitu kipya kilicho chake, hilo ni neno zito. Na akisha kupokea doti ya kwanza ya shangazi, kurudi nyuma ni kumwaibisha shangazi. Wazee wa pwani waliposema mkono mtupu haulambwi hawakuwaza kwamba mkono uliojaa unaweza kumshika mtoto namna hii.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliyaona mambo ya zawadi mapema, na inastahili kusomwa na watu wa fasihi pia. Kifungu cha 41 kinasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari au ya kupeana zawadi haikutimizwa. Kifungu cha 71 kinamruhusu aliyetoa zawadi kwa ajili ya ndoa isiyofungwa aende mahakamani kuidai, akithibitisha kwamba aliitoa kwa sharti hilo. Vifungu viwili hivi vimeielewa zawadi ya ng'ombe vizuri kabisa. Ile ya kanga havikuifikiria, wala sioni namna ambavyo vingeweza. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 13, iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu iliona mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, kwamba ruhusa hiyo inapingana na katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019.

Wasichana wenyewe hawakusubiri mahakama. Kila Desemba ya msimu wapo wanaotoroka usiku, wengine kwa miguu kupita mashamba ya mihogo, mpaka kwenye nyumba zinazowapokea. Tarime ipo ile ya Masanga, kwa masista na wasaidizi wao. Mugumu ipo nyumba salama iliyofunguliwa mwaka 2014, na Rhobi Samwelly, aliyekeketwa yeye mwenyewe akiwa mtoto, amekuwa sauti inayosikika zaidi ya nyumba za namna hiyo katika Serengeti. Huko hukaa mpaka msimu upite, na wale ambao nyumbani hakurudiki hukaa zaidi. Husoma, na hufundishwa kazi za mikono, ushonaji zaidi ya yote.

Masanga walitambua jambo ambalo wanaharakati wengi wa mjini walichelewa kulitambua: kwamba msichana akinyang'anywa kisu amenyang'anywa pia sherehe. Wakaanzisha mafunzo ya msimu bila ya kukata, yenye somo, nyimbo, ngoma na siku ya kuhitimu ambayo wazazi hualikwa. Wazazi wanaokuja huja wamebeba. Zipo kanga, yapo madaftari, na wapo wanaoleta vitambaa vilivyofumwa kwa sindano moja, vile vyeupe vinavyotandikwa juu ya viti na meza, ufundi uliopandishwa huko na shule na misheni katika karne ya 20 na ambao leo ni wa Kikurya kama ulivyo wa Kipemba. Ukitaka kuona zawadi ya mkono ya arusi ya sasa katika Tarime, pamoja na masufuria na magodoro ya michango ya kamati, tazama mashuka yaliyodariziwa maua na majina ya maharusi wawili. Mama wa binti ndiye aliyeyadarizi, usiku, kwa taa.

Vibuyu vyenyewe vinaendelea kutumika kwa wafugaji, ingawa dumu la plastiki limevishinda sokoni. Vitu vingine vya namna hiyo vinaweza kutazamwa Butiama, mkoani humo humo, katika makumbusho ya Mwalimu yaliyofunguliwa mwaka 1999, miezi michache kabla ya kufariki kwake. Sehemu kubwa ya yaliyomo ndani ni zawadi alizopewa na watu katika ziara zake: vinyago, ngao, viti, vyombo vilivyosukwa na kuchongwa. Watoaji wengi hawakuandika majina yao.